Naomba ushauri: await ndani ya forEach

Habari za kazi wakuu. Najifunza JavaScript (lugha ya kuandikia programu), nimefika kwenye async/await (njia za kusubiri kazi inayochukua muda), zile zilizoingia rasmi kwenye lugha mwaka 2017. Nina orodha ya bidhaa. Bei ya kila moja naivuta kwa fetch (amri ya kuomba data mtandaoni), kisha najumlisha. Nikiweka await ndani ya forEach (amri ya kupitia orodha, kitu kimoja kimoja), console.log(jumla) inatoa 0 kabla bei hazijafika. Nimejaribu for...of (kitanzi kingine cha kupitia orodha): jumla inatoka sahihi, ila bei zinakuja moja moja na ukurasa unachelewa mno. Sasa naitazama Promise.all, inayosubiri maombi yote kwa pamoja.

Naombeni kujua: majibu yake hufuata mpangilio wa orodha yangu hata bei ya mwisho ikitangulia kufika? Na bei moja ikigoma, nitumie Promise.allSettled (inayosubiri yote hata kama mengine yamegoma), au kila fetch niiwekee try/catch (ya kudaka hitilafu) yake? Natanguliza shukrani.