Wamerekebisha gari la mwaka uliofuata, letu wakaliacha lichemke

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Majibu yatakayokuja kwanza nayajua, ngoja niyamalize hapahapa. "Ungenunua Toyota IST." Sawa. "Gari la spoti Dar la nini na haya matuta?" Sawa pia, hela zangu. "Fundi wako ndiye tatizo." Hapana, na hilo nitalieleza. Ninachotaka tujadili ni kitu kimoja: kampuni ikishajua kwamba injini yake inachemsha, ikabadilisha kipuri kwenye magari inayotoa baadaye, inapata wapi ruhusa ya kuwanyamazia waliokwisha kununua?

Yangu kwa kifupi. Ni kupe ya milango miwili, injini lita mbili yenye tabo, imekuja kwa meli kutoka Japani kama magari yetu mengine. Kampuni siitaji, sitaki kesi na wasimamizi wa jukwaa hili hawapendi. Ushuru nimelipa wote mpaka ule wa uchakavu, gari likakaguliwa, likapewa namba. Ugonjwa wake uko kwenye tangi la kulanti (maji ya kupoozea injini), lile la plastiki lenye mfuniko wa presha. Ile plastiki inazeeka kwa joto, inapata ufa mwembamba kwenye maungio. Gari likiwa limepoa hata ukiliangalia na tochi huuoni. Likipata moto, ufa unafunguka na presha inavuja. Sasa wengi hatujui kwamba presha ndiyo inayozuia kulanti isichemke. Mfumo ukiwa mzima inavumilia zaidi ya nyuzi 120, presha ikitoka inaanza kutokota mapema, inageuka mvuke, na mvuke haupoozi hedi, kile kichwa cha juu cha injini. Hedi ni ya alumini, inapinda. Gasketi iliyo chini yake inaungua. Maji na oili vinaoana.

Mimi yalinikuta napanda mlima Kitonga. Geji ya temperecha ilikuwa imetulia katikati kabisa.

Hapo kwenye geji nisimame kidogo maana ndiko hasira ilikoanzia. Ule mshale kwenye magari mengi ya sasa hauonyeshi joto halisi. Kompyuta inaushikilia katikati kwa upana mkubwa sana, unaweza kutoka nyuzi 80 na ushee ukavuka 100 mshale haujatikisika, ili dereva asipate wasiwasi akaenda kuwasumbua gereji. Ukianza kupanda, kazi imekwisha. Tena ile sensa inapima vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakikimbia ikabaki kwenye mvuke, inasoma inavyojua yenyewe. Ukichomeka skana unaziona nyuzi halisi, kwa hiyo taarifa ipo ndani ya gari. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua mwenye gari asipewe. Halafu kitabu cha gari kinasema dereva azingatie geji.

Sasa fundi. Wapo mafundi wanaotoa thamostati, ile vali inayoongoza maji kwenda kwenye rejeta, na kuitupa, wakikuambia nchi yetu ya joto haiihitaji. Wapo wanaojaza maji ya bomba na kutu inafuata. Hao wanaharibu na nimewahi kugombana nao kwenye nyuzi humuhumu. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Lakini gari langu thamostati ilikuwepo, kulanti ilikuwa ya rangi yake, feni zote mbili zinafanya kazi, rejeta haijaziba. Fundi alipolivua lile tangi akalikandamiza kwa vidole, likafunguka kwenye maungio. Huyo fundi hana kosa hata kidogo, na nimechoka kuona kila injini inayokufa nchi hii msala anabebeshwa mtu wa gereji aliye chini ya mti.

Kisha ikaanza danadana. Nikaenda kwa wakala wa kampuni hiyo hapa mjini. Kijana wa mapokezi, mpole, ananiita kaka, akachukua namba ya chasisi akaingia ndani. Akarudi: "Kaka, hili hatukuliuza sisi." Nikaandika makao makuu. Wakajibu kwa adabu, wakanishukuru kwa kuipenda chapa yao, wakanielekeza niwasiliane na wakala wa eneo langu. Wakala wa eneo langu ni yule yule.

Nikaamua kuagiza tangi mwenyewe, na hapo ndipo niliposhika ushahidi. Ile namba ya kipuri ya zamani imefutwa kwenye orodha, imeandikiwa namba mpya. Tangi jipya lilipofika tukaliweka mezani na la zamani: la sasa ni nene, na pale pale kwenye maungio wameongeza mbavu za kuimarisha. Magari ya injini hiyo hiyo yaliyotoka kiwandani baadaye yamekuja na hilo jipya. Mtu haongezi plastiki mahali ambapo hapajapasuka. Walijua.

Kuna atakayesema hayo ndiyo ya mitumba, mwenye gari jipya anaheshimiwa. Basi twende Marekani, huko ambako mtu ananunua gari likiwa na nailoni kwenye viti.

Chevrolet walitoa Corvette Z06 ya 2015. V8 ya lita 6.2 yenye sapachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), nguvu za farasi 650, bei ya kuanzia karibu dola 80,000, na likinadiwa kuwa gari lililothibitishwa kwenye uwanja wa mbio. Wenye nayo wakaipeleka uwanjani. Mizunguko michache joto linapanda, kompyuta inakata nguvu kujiokoa, gari la farasi 650 linajikokota kurudi pembeni. Ukitazama ilivyoundwa hushangai sana: sapachaja waliyoweka ni ndogo, lita 1.7, wakati ile ya Corvette ZR1 iliyotangulia ilikuwa lita 2.3. Ndogo ili itoshe chini ya boneti. Na ili itoe upepo unaotakiwa lazima izungushwe mpaka 20,000 kwa dakika. Hewa ikibanwa kwa namna hiyo inapata moto, na vipoozeo vyake vimekaa juu ya injini hiyo hiyo inayotoa moto.

Tadge Juechter, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Corvette, aliwaeleza wamiliki kwamba kipimo chao cha uwanjani kilitumia joto la hewa la nyuzi 86 za Farenhaiti. Kwa Selsiasi hiyo ni 30. Thelathini, wakuu! Januari hapa Dar kabla ya adhuhuri tumeshaipita. Na Marekani yenyewe, Texas, Arizona, Florida, kiangazi chao unakijua. Umemuuzia mtu mtumbwi, unamwambia akizama asikulaumu kama maji ni mengi.

Toleo la 2017 likaja na boneti yenye matundu makubwa zaidi ya kutolea joto. Wenye za 2015 na 2016? Juni 2017 wamiliki wakafungua kesi ya pamoja kwenye mahakama ya shirikisho huko Florida.

Ford nao mwaka huo huo. Hii ya Ford inaniudhi zaidi kwa sababu hapa hakuna hata fizikia ya kusingizia, ni hesabu ya hela tu. Shelby GT350 ya 2016: V8 ya lita 5.2, farasi 526, inavuka mizunguko 8,000 kwa dakika, na likinadiwa kama gari la kushinda nalo uwanjani kutwa nzima. Likauzwa kwa matoleo tofauti. Lile la Track Package liliwekewa vipoozeo vya oili ya gia boksi na ya difu (gia za ekseli ya nyuma). Toleo la kawaida na lile la Technology Package havikuwekwa. Jina moja, injini moja, sauti moja, nyoka yule yule kwenye grili. Mtu anaingia uwanjani, oili ya gia boksi au difu inapata moto kupita kiasi, kompyuta inapunguza nguvu ghafla yuko katikati ya kona na nyuma kuna wenzake wanakuja kasi. Hapo si suala la starehe tena, hapo ni usalama.

Na kilichofuata mshakijua. GT350 za 2017 vipoozeo vikawekwa kwenye zote. Machi 2017 wenye za 2016 wakaenda mahakamani, Florida tena. Mwaka 2023, gari lenyewe limeshaacha kutengenezwa tangu 2020, mahakama ya rufaa ilikuwa bado inachambua wamiliki wa majimbo yapi wanaruhusiwa kushtaki kwa pamoja na wa majimbo yapi hawaruhusiwi. Wamarekani hao, wenye mawakili na risiti za gari jipya. Mimi na risiti yangu ya yadi ya Yokohama ninajipanga wapi?

Msiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Mwaka 2014 Porsche walikuwa na 911 GT3 mpya, mbili zikaungua moto Ulaya. Kampuni ikawaambia wenye magari yote 785 waache kuyaendesha. Wakachunguza, wakakuta boliti za konrodi (mkono unaoshika pistoni) zinalegea, konrodi inatoboa bloku, oili inamwagika na kuwaka. Wakabadilisha injini kwenye yote 785. Injini nzima! Hawakumhoji mtu kama alikuwa anakimbiza au anakwenda kanisani. Baadaye injini za aina hiyo zilipoonyesha udhaifu mwingine, mwaka 2017 wakaongeza dhamana mpaka miaka 10 au maili 120,000. Ndiyo, najua, magari 785 ni machache na moto unaonekana kwenye picha. Injini inayochemka taratibu haipigwi picha. Lakini uwezo wanao, tumeuona.

Hata Mazda na RX-8 zao, injini za rota (zisizo na pistoni) zilipokuwa zinakufa mapema, soko la Marekani Kaskazini waliongezewa dhamana ya injini hadi miaka 8 au maili 100,000 kwa magari ya 2004 mpaka 2008. RX-8 iliyotoka Japani ikashushwa bandari ya Dar ina rota za ukoo huo huo. Tangazo lile halikumhusu mwenye nayo.

Na hapa ndipo ninapobishana na wale wanaosema "umenunua mkononi, dhamana imekwisha, nyamaza." Mimi siombi dhamana. Dhamana ni ahadi ya muda, imeisha na nakubali. Ninachodai ni taarifa na kipuri kwa kosa la muundo ambalo aliyetengeneza analijua na ameshalisahihisha kimyakimya. Kosa la muundo halianzi upya gari likibadilisha mmiliki. Lilikuwepo siku linatoka kiwandani likiwa la Mjapani wa kwanza. Na msiniambie hawawezi kutupata. Chasisi wanaigonga wenyewe. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani kina chasisi. Kadi ya gari ya TRA, mamlaka ya mapato, ina chasisi. Wakitaka kutupata watatupata, mbona wauza vipuri wanatupata.

Tume ya Ushindani ipo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji. Naandaa malalamiko ya maandishi kule, lakini mtu mmoja na tangi moja lililopasuka watanipa kikombe cha chai nirudi nyumbani. Tukiwa wengi na ushahidi unaofanana ni habari nyingine. Kwa hiyo mwenye kupe au sedani ya spoti iliyochemsha wakati geji iko katikati, aweke hapa: herufi na tarakimu za mwanzo za chasisi, siyo yote, mwaka wa kutengenezwa, kilomita, kilichopasuka, na namba iliyochapwa kwenye kipuri cha zamani na kipya. Picha ya maungio ikiwezekana. Namba za usajili msiweke, na majina ya mafundi msiweke. Wenye skana leteni nyuzi mlizozisoma, hadithi za "lilikuwa la moto sana" hazitatusaidia. Wakenya mliomo humu nanyi karibuni, hizi gari zinatoka meli moja na matatizo ni yale yale.

Na wewe wa kwa wakala, kwa sababu najua mnapita humu kusoma, swali langu ulilolikwepa pale kaunta bado lipo: zile mbavu kwenye tangi jipya ziliongezwa kwa nini, na ziliongezwa lini?