Mjadala: Ilikuwa haki kuua sungura wa kisiwa kizima kwa ajili ya nyoka?

Mzee wa Gati: Wakuu, salaam. Leteni hoja, matusi wekeni pembeni. Kaskazini ya Mauritius, kama kilomita 22 baharini, kuna jiwe la volkano liitwalo Round Island, halifiki hekta 220. Zamani watu walipeleka huko mbuzi na sungura. Wakazaana, wakala kila chipukizi, mvua ikasomba udongo mpaka mwamba ukabaki uchi. Wahifadhi wakaamua: mbuzi wakamalizwa kwa risasi kufikia 1979, sungura wakawekewa sumu 1986, hakubaki hata mmoja. Mmoja wa waliookolewa ni boa wa pale, nyoka asiye na sumu, chakula chake mijusi, na wakati huo hakuwa amebaki kwingine duniani. Nasema walifanya haki. Nani anapinga?

Mfuga Mbuzi: Mimi. Mbuzi hakuogelea kwenda kule, alipelekwa. Leo binadamu ndiye hakimu na mbuzi ndiye mwenye kesi? Na ile nyama? Wangewakamata wakawagawia wenye shida.

Mzee wa Gati: Mkuu, pale hakuna ufukwe wa maana. Boti inapanda na kushuka na wimbi, unavizia, unarukia mwamba. Sasa umrudishe beberu kwa njia hiyohiyo? Na sungura ukisahau dume na jike mmoja tu, miaka michache uko palepale ulipoanzia.

Dada wa Forodhani: Mimi nyoka akikatiza mbele yangu nakimbia kwanza, sayansi baadaye. Lakini tusemezane ukweli. Mwaka 2024 Kenya ilipotangaza kuangamiza kunguru milioni moja, nani huku pwani alilia? Kunguru yule naye aliletwa, Zanzibar, karne ya 19. Tunamchukia kwa kuwa anabeba vifaranga vyetu. Sungura ana manyoya laini na hajakuibia kitu. Boa angekuwa na manyoya, uzi huu usingefunguliwa.

Mfuga Mbuzi: Hapo umenichoma, dada. Ila kunguru anatudhuru. Huyu boa ana faida gani kwa mtu?

Kobe Kaa: Faida, faida! Mfupa wa taya lake la juu umekatika vipande viwili vyenye kiungo katikati, mnyama mwingine wa nchi kavu mwenye uti wa mgongo hana kitu kama hicho. Boa wengi huzaa, yeye anataga mayai, na wataalamu wamempa ukoo wake mwenyewe. Tena alikuwa na mwenzake palepale, aina nyingine iliyoishi kwa kujichimbia udongoni. Udongo ukaishia baharini. Mara ya mwisho alionekana 1975, mbuzi wakiwa bado wanatafuna. Ningependa kumwuliza Mfuga Mbuzi: huyo naye tumdai faida?

(Na ile miti jamii ya mnazi yenye shina lililofura kama chupa, mnayoipanda mbele ya hoteli, asili yake ni hukohuko. Ilibaki michache mno, maana miche ilikuwa inaliwa ikiwa midogo.)

Dada wa Forodhani: Kumbe ule mti! Upo mlangoni kwa mwajiri wangu, nikidhani umetoka Dubai.

Mfuga Mbuzi: Swali moja. Hiyo sumu ilichagua sungura tu?

Kobe Kaa: Hapana, na nisifiche. Baadhi ya guruguru wakubwa wa kisiwa walikula chambo wakafa. Waliobaki walizaana, majani yakarudi, boa wakaongezeka mpaka 2012 wengine wakahamishiwa kisiwa jirani cha Gunner's Quoin, ambako panya walikuwa wameshaondolewa.

Mzee wa Gati: Basi Mfuga Mbuzi, unga mkono hoja tufunge.

Mfuga Mbuzi: Kwa mbuzi nimeshindwa, nakubali. Kwa sungura bado. Risasi ikimpata mnyama vizuri anaanguka palepale. Sumu ile ni ya kuzuia damu isigande, inachukua siku kadhaa. Mnaniambia boa walihesabiwa. Hizo siku za sungura alizihesabu nani?