Naomba ushauri: hema la turubai za jeshi la Poland linavuja kwenye vifungo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na turubai za jeshi zilizotumika.

Ninazo mbili za pamba za jeshi la Poland, zile zinazovaliwa kama koti la mvua na zikifungwa vifungo pamoja zinakuwa hema lenye umbo la pia. Nataka zikae bustanini hapa Ujerumani msimu mzima wa mvua. Kitambaa chenyewe hakina neno: pamba ikilowa nyuzi huvimba na kuziba, mradi usiiguse kwa ndani. Maji yalikuwa yanapitia matundu ya mikono na mistari ya vifungo.

Matundu nimeyashonea viraka kwa uzi wa pamba, yametulia. (Uzi wa nailoni hauvimbi, tundu la sindano linabaki wazi.) Vigingi nimevikaza na mkunjo wa juu (pindo linalofunika vifungo) nimeugeuzia upande usio na upepo, lakini mstari wa vifungo bado unadondosha, hasa karibu na ncha ya nguzo ambako kitambaa kinavutwa na mkunjo unaachia.

Sasa, nikipaka nta ya nyuki ya moto kwenye mkunjo tu, itashika juu ya dawa ya zamani ya kuzuia maji au lazima nifue kwanza? Silikoni naikwepa, maana ikishapakwa nta haishiki tena. Moto siwashi ndani, kwa hiyo sihofii nta kushika moto.

Au nishone kabisa mstari mmoja, wa pili ubaki mlango? Hofu yangu ni kukausha zikiwa zimeshonwa pamoja: turubai nzito ikikunjwa na unyevu huota ukungu upesi.