Maturubai ya kamyo na mabegi: meno ya chini, sindano inayotembea, au triple? Naomba ushauri, Lubumbashi

Katuba_Mishono
Bandugu, jambo. Ninashona mabegi ya shule, na tangu mwaka jana madereva wanaopita njia ya Kasumbalesa wamenizoea, wananiletea maturubai yao. Mashine yangu ni Juki DDL-8700, ile ya kawaida ya mshono mnyoofu. Kwa kikwembe, shati, suruali, haina neno. Turubai ndilo limeniaibisha. Wiki iliyopita nilikunja pindo la mita sita, matabaka matatu. Nilianza ncha zote zimelingana. Nilipofika mwisho, tabaka la juu lilizidi kwa vidole vinne. Matundu ya kamba hayakukutana. Mwenye kamyo alicheka, akalichukua kwa nusu bei.

Nimeweka makuta kidogo. Kuna mtu anauza mashine ambayo sindano yake inatembea, mwingine ana triple, ile inayosukuma kitambaa kwa vitu vitatu pamoja, iliyotumika kutoka Ulaya, na mzee jirani yangu anasema niache kupoteza makuta, ninunue tu mguu wa Tefloni, ile plastiki telezi, wa kukandamiza kitambaa. Nani amejaribu?

Mama_Kamalondo
Mwanangu, piga hesabu kwanza. Mita sita kwa mishono ya milimita 5 ni mishono 1,200. Kila mshono tabaka la juu likiteleza milimita 0.05 tu, mwishoni ni sentimita 6. Hivyo ndivyo vidole vyako vinne.

DDL ina meno ya chini peke yake. Yanapanda, yanauma kitambaa, yanakirudisha nyuma, yanashuka, yanakwenda mbele kungoja mshono mwingine. Tabaka la chini linabebwa. La juu limekandamizwa na mguu wa chuma usiotembea, na turubai la plastiki linanata kwenye chuma. Mzee jirani yako hajakosea: Tefloni inapunguza kunata. Punguza pia mgandamizo wa mguu, kidogo kidogo, hadi pale meno bado yanashika. Bana pindo kila shibri, na usivute kwa nyuma, ukivuta unapinda sindano. Mimi nimeshona hivyo miaka mingi, sikununua kitu.

Triple_Kipushi
Mama, shikamoo, lakini hapo unamponya homa kwa kitambaa cha maji.

Yaya Katuba, triple ni vitu vitatu vinavyotembea pamoja: meno ya chini, sindano, na mguu wa ndani. Sindano inaingia, na ikiwa bado ndani ya turubai inasafiri nyuma pamoja na meno. Mguu wa ndani umeshika juu, nao unasafiri. Wakati huo mguu wa nje umenyanyuka. Halafu unashuka na kushika wakati wa ndani unanyanyuka. Kitambaa hakiachwi hata mara moja, na tabaka la juu haliwezi kubaki kwa sababu limechomwa pamoja na mengine.

Kingine ambacho Tefloni haitakupa: kupanda ngazi. Ukifika pale pindo linakutana na kona, matabaka matatu yanakuwa sita, mguu wa DDL unainuka pua, mishono inakuwa mifupi kama ya mtoto. Triple inapanda yenyewe. Juki DNU-1541 ninayotumia inanyanyua mguu hadi milimita 16 kwa goti, na mshono unafika milimita 9. Kama unaweza kuchagua, tafuta 1541S, ile ina kinga: uzi ukikwama chini, kinga inaachia kabla ndoano inayonasa uzi haijavunjika. Consew 206RB nayo ni ya aina hiyo, na zile Singer 111W155 za zamani bado zinashona.

Ngozi_Ruzizi
Nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi ni wa viatu. Triple ni nzuri, hakuna anayebisha, ila mngemwambia pia kwamba inaacha alama. Miguu yake ina meno, na ngozi laini ikipita inatoka kama imetafunwa na panya. Mimi nilinunua miguu isiyo na meno.

Kwa mabegi yenye kona nyingi msiisahau Singer 29K, ile nyeusi ya mafundi viatu. Haina meno ya chini kabisa. Mguu wa juu ndio unaovuta, na unauzungusha upande wowote, kwa hiyo unageuza njia ya mshono bila kugeuza begi. Mkono wake mwembamba unaingia hadi ndani ya kiatu. Bobini yake ni ndogo, utaijaza mara nyingi.

Triple_Kipushi
29K kwa pindo la mita sita? Yaya, atazeeka hapo.

Ngozi_Ruzizi
Nimesema mabegi. Soma tena.

Likasi_Jeans
Mbona mmeiruka ile ya sindano inayotembea? Nina moja. Ni meno na sindano tu, mguu haupigi hatua. Matabaka hayatelezi kwa sababu sindano inayabana yakisafiri. Mguu wake ni mwembamba, unapita karibu na ukingo, mshono wa juu wa jeans unatoka msafi na hakuna alama. Ila kwenye ngazi ni kama DDL, inahangaika. Mimi naponda viungo vya jeans kwa nyundo kwanza, na ninaweka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu ili ukae sawa. Kwa turubai ningeiacha.

Mama_Kamalondo
Triple_Kipushi, nimesikia habari ya homa yako. Sasa sikia yangu. Maturubai yake ni mistari mirefu iliyonyooka, sivyo? Basi kuna gurudumu la kuvuta, linafungwa nyuma ya mguu hata kwenye DDL. Linabana matabaka yote, linayavuta kwa mwendo mmoja. Mwanzoni unasaidia kwa mkono hadi turubai lifikie gurudumu. Kwenye kona halifai, unalinyanyua. Bei yake haifiki hata robo ya triple.

Triple_Kipushi
Hiyo nakubali, Mama. Lakini bado atakuwa na sindano nyembamba na uzi mwembamba. Turubai linataka sindano namba 20 au 22, yaani milimita 1.25 au 1.40. DDL ya kawaida haikuumbwa kwa hiyo. Kuna DDL-8700H ya vitambaa vizito, lakini meno ni yale yale ya chini.

Na uzi: chukua poliesta, si nailoni. Nailoni ina nguvu ila jua linaila, na kamyo linashinda juani. Usitumie sindano yenye ncha ya kukata ngozi, inakata nyuzi za ndani ya turubai. Mishono iwe milimita 6 hivi. Ukiibana sana, matundu yanafuatana kama ya stempu ya posta, upepo wa barabarani unachana pale pale.

Katuba_Mishono
Asanteni. Muuzaji wa triple anasema ina mota ya zamani, inayonguruma hata kama hushoni. Nina shaka na jenereta yangu.

Likasi_Jeans
Iondoe. Weka mota ya servo. Ile ya zamani inakula umeme muda wote, na ikiwaka jenereta ndogo inashtuka. Servo inakula unapokanyaga tu, na unaweza kwenda mshono mmoja mmoja kwenye kona. Kwa turubai mwendo wa taratibu ndio unaotafuta.

Mama_Kamalondo
Kabla ya kutoa makuta, zijaribu mashine. Kata vipande viwili vya turubai, mita moja kila kimoja, vishone pamoja bila kugusa kwa mikono. Pima mwisho.

Katuba_Mishono
Nimerudi. Nilifanya kama Mama alivyosema. DDL kama ilivyo: milimita 11. DDL na Tefloni, mgandamizo nimepunguza: milimita 4. Triple kwa muuzaji: sikuona tofauti, labda unene wa kucha. Halafu nikakunja mara sita, ikapanda bila kelele. Nikajaribu kikwembe kimoja cha mke wangu, kikakunjamana kama karanga kavu. DDL siiuzi, basi.

Nimelipa nusu, servo nitaongeza mwezi ujao. Shida ni moja: inatumia sindano za aina ya 135×17, si DB×1 za DDL, na muuzaji amenipa tatu tu. Moja nimeshaivunja leo. Nani anajua zinapopatikana hapa mjini, namba 22?

Triple_Kipushi
Njoo Kipushi Jumamosi, nitakupa pakiti. Hiyo uliyoivunja, ulivuta kwa nyuma?

Katuba_Mishono
Nilivuta. Msimwambie Mama.

Mama_Kamalondo
Mama anasoma.