Tupeane uzoefu: Msimu wa kuokota korosho, unatufundisha nini?

Mtoa mada, Tandahimba

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za msimu. Mabibo, yale matunda yenye maji yanayobeba korosho, yameanza kuiva na pilika za Oktoba hadi Desemba ziko mlangoni, basi tupeane uzoefu mapema. Msimamo wangu ni huu: korosho ikishafika ghalani hakuna wa kuipandisha daraja. Imeshapata daraja lake chini ya mti na kwenye jamvi.

Ndugu zetu wa kahawa kule Mbinga hupita mti uleule mara kadhaa, wanachuma tunda jekundu na la kijani wanaliacha. Sisi hata kuchuma hatuchumi. Korosho iliyokomaa hudondoka yenyewe na bibo lake, kazi yetu ni kuokota. Mkorosho hautoi maua yote siku moja, ndiyo maana tawi moja linaweza kuwa na maua, korosho changa na mabibo yaliyoiva kwa wakati mmoja. Anayepiga tawi kwa fito anaangusha vyote. Korosho changa ikikauka inasinyaa, kiini kinakuwa chembamba au hakipo, na maua yaliyopukutika ni korosho za wiki zijazo. Subira ndiyo somo la kwanza, na hapa ina kilo zake.

Usafi wa chini ya mti ufanyike kabla korosho hazijaanza kudondoka. Palilia, kisha fagia majani hadi nje ya kivuli. Majani yasichomwe hapo: matawi ya mkorosho yako chini na moto wa majani makavu unapanda haraka. Korosho iliyojificha kwenye nyasi hukaa siku nyingi, inavuta unyevu, ganda linakuwa jeusi, na mvua ikiikuta inaota.

Mchangiaji, Newala

Umesema kweli mkuu. Niongeze kwenye kuokota na kukonyoa. Okota kila siku, au angalau siku moja ipite na ya pili uokote. Mvua za kwanza zikinyesha, usilaze korosho shambani hata usiku mmoja.

Bibo halivutwi, linazungushwa. Shika bibo mkono mmoja, korosho mkono mwingine, zungusha hadi iachie. Ukivuta, unabaki utepe mwembamba wa nyama pale korosho iliposhikana na bibo. Utepe huo ukianikwa hivyohivyo unageuka kuwa pete nyeusi inayonata, wanakuja sisimizi, kisha ukungu, na doa linabaki kwenye ganda. Ikibaki nyama, iondoe kwa uzi uliokazwa au kisu. Wengi hupuuza hatua hii kwa sababu inachosha mikono, lakini mzigo mwingi unaharibikia hapohapo.

Korosho za msimu uliopita zinazookotwa chini ya majani ziwekwe kando. Zisichanganywe na mpya hata kama zinang'aa.

Mchangiaji, Ruangwa

Kuanika: jamvi, turubai au sakafu ya saruji, kamwe si udongo mtupu, maana udongo unarudisha unyevu na kuongeza mchanga. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kadhaa kwa siku, jioni kusanya na kufunika kwa sababu ya umande. Jua kali la siku mbili hadi tatu linatosha. Unyevu usizidi asilimia 10. Asiye na kipimo abonyeze ganda kwa ukucha: lisiingie alama. Kisha atikise korosho kadhaa mkononi, zilizokauka zinalia.

Kuna wanaofungasha zikiwa mbichi kidogo ili zipate uzito. Zinapata joto ndani ya gunia, kiini kinabadilika rangi, na sampuli ikikatwa yote yanaonekana. Kinachopimwa pale ni uzito wa kiini kizuri, kwa ratili, katika gunia la kilo 80. Ganda zuri peke yake halisaidii.

Mchangiaji, Lindi mjini

Samahani kaka zangu, vipi kuhusu viroba vya sandarusi? Huku ndivyo rahisi kupata.

Mchangiaji, Ruangwa

Dada, epuka. Sandarusi haipumui. Tumia gunia la katani au la juti, lipange juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, na chumba hicho kisiwe na mafuta ya taa, mbolea wala salfa (dawa ya unga ya mikorosho).

Mtoa mada, Tandahimba

Nimalizie na fedha. Kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, huja wakati hela ya shamba na ada ya shule inatafutwa, korosho ikiwa bado ua. Mnunuzi anapima kwa bakuli, bei anaipanga yeye, na biashara yenyewe ni marufuku. Kinga yake ni kutenga hela ya shamba siku malipo ya msimu huu yanapoingia, kabla ya bati na pikipiki.

Bei ya mnada haiko mikononi mwetu, daraja liko. Msimu wa 2018/19, wanunuzi walipotoa bei ya chini, Serikali ilinunua yenyewe: daraja la kwanza shilingi 3,300 kwa kilo, la pili 2,640. Tofauti ya shilingi 660 kila kilo, na iliamuliwa na uzi, jamvi na ukucha.

Mkipeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), simameni mbele ya mizani hadi namba itulie. Kabla ya kuondoka someni stakabadhi: jina, kilo, daraja, namba ya akaunti. Jina likitofautiana na la benki hata herufi moja, malipo yanaweza kukwama. Lirekebishwe palepale mezani, gunia likiwa bado mbele yenu.