Naomba ushauri: lini tuseme tiba ya wasiwasi kwa mtoto haijafanya kazi?

Habari zenu wakuu. Naandaa jaribio la tiba ya wasiwasi uliopitiliza kwa watoto wa miaka 7 hadi 12. Wote wanaanza na tiba ya mazungumzo. Wasiopata nafuu wanagawanywa tena kwa bahati nasibu, waongezewe sertralini (dawa ya kupunguza wasiwasi) au waendelee na mazungumzo tu. Jaribio la Marekani la 2008, lenye watoto 488, lilipima matokeo wiki ya 12 bila kugawanya upya katikati. Mimi niliweka wiki ya 6 kuwa ya kuamua nani hajapata nafuu, lakini hapo wengi ndiyo kwanza wanaanza kukabili wanachokiogopa, na wasiwasi hupanda kidogo. Nikisubiri ya 12, nahofia familia zitachoka.

Mngeweka wiki ya ngapi? Na mzazi akisema mtoto ana nafuu, mtoto akikataa, nifuate dodoso la nani?