Famasi za Dar, hii tabia ya kutukatia vidonge na mkasi itatumaliza ugenini

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira, mtanisamehe nikipandisha sauti.

Hivi nani aliwaambia wauza dawa wa mji huu kwamba dawa ya maumivu haina haja ya jina? Mtindo wenyewe mnaujua. Unaingia famasi, unasema mgongo unauma. Binti anavuta boksi chini ya kaunta, anachomoa karatasi ya vidonge, anakata na mkasi idadi inayolingana na hela yako, anavitumbukiza kwenye kibahasha cha kaki, anaandika kwa peni "1x3". Basi. Jina la dawa limekatwa katikati. Tarehe ya kuisha muda imeondoka na kile kipande alichouziwa mteja wa asubuhi. Ukidai risiti ya EFD, nayo imeandikwa "dawa".

Ukiwa Dar hili halionekani kwa sababu dawa ikikuzingua kesho unarudi kaunta ileile. Ukishapanda ndege ndiyo unajua.

Mimi mzigo nafuata Dubai. Kabla ya kuondoka nilipita famasi moja Kariakoo, nikamwambia muuzaji kabisa kwamba nasafiri, nataka dawa ya mgongo ya kutembea nayo. Akanikatia. Tukiwa Deira, nimeshinda kutwa nikipanga marobota, jioni mgongo umekaza na kichwa kinagonga, nikashuka famasi ya chini ya hoteli nichukue Panadol Extra nilale. Mfamasia wa pale, mtu mpole tu, akaniuliza swali moja: leo umeshakunywa dawa gani?

Nikatoa bahasha.

Akaigeuza mbele na nyuma. Akatoa vidonge, akavinyanyua kwenye taa. Kwenye karatasi ya fedha zilibaki herufi FENAC upande mmoja, na PARA upande wa pili, kisha mkasi umepita. Akaniambia zipo dawa zaidi ya moja zinazoishia hivyo, diklofenaki ni moja na aseklofenaki ni nyingine, na zote hutengenezwa zikiwa zimechanganywa na parasetamoli. Ni ipi? Miligramu ngapi? Hajui, na mimi sijui. Akagoma kuniuzia Panadol, maana nayo ni parasetamoli.

Kwenye bahasha kulikuwa na muhuri wa namba ya simu ya duka. Namba ya duka ipo, jina la dawa halipo! Nikapiga picha, nikatuma WhatsApp. Jibu lililorudi nimelihifadhi: "Hizo za maumivu tu kaka, za kawaida."

Za kawaida! Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kama kidonge changu cha mchanganyiko kina 500, "1x3" tayari ni gramu 1 na nusu. Nikiongeza Panadol Extra viwili mara nne kama boksi linavyoruhusu, hiyo ni gramu 4 nyingine. Jumla 5 na nusu. Kinachoumia hapo ni ini, na ubaya wa ini ni kwamba siku ya kwanza unaweza usisikie chochote cha maana. Na kama pale famasi wangenipa ibuprofeni badala ya Panadol, ningekuwa nimepandisha ibuprofeni juu ya diklofenaki, dawa za ukoo mmoja, zinazokwangua tumbo na kubana figo. Mwenye vidonda vya tumbo au presha anajua nazungumzia nini.

Nikapewa plasta ya joto ya kubandika mgongoni. Usiku ule niliusikia wote. Asubuhi wenzangu wameenda kufunga mzigo, mimi nimekaa kitandani kama mgonjwa wa wodini.

Na hiyo ni afadhali. Tramadoli na kodeini kule Emirates ni dawa zinazodhibitiwa, unatakiwa uombe kibali cha serikali yao kabla hujasafiri, uwe na cheti cha daktari. Sasa niambieni, abiria ametoka Dar na kibahasha cha vidonge vyeupe visivyo na jina, afisa forodha akivishika, anajieleza vipi? "1x3"? Hapa mjini tunajua wapo wanaokata hata tramadoli kwa mtindo huohuo na kusema ni "dawa kali ya maumivu". Huyo hauzi dawa, anauza kesi.

Niliporudi nikaenda dukani. Nikaulizwa kama nataka kurudishiwa hela! Nikamwambia nataka ujue ulichofanya. Akacheka, "kaka, mbona Kariakoo nzima tunauza hivi." Eti wateja hawana hela ya boksi zima. Sawa, sibishi, maisha ni magumu na hata mimi mara nyingi nanunua za jero. Lakini peni unayo mkononi! Umeandika "1x3" kwa peni hiyohiyo. Kuongeza jina la dawa, miligramu na tarehe ya kuisha ni maneno matatu. Au kata ukianzia upande usio na jina, umwache wa mwisho achukue boksi. Hiyo nayo inahitaji mtaji?

Kwa mnaosafiri, chukueni boksi zima na karatasi ya maelezo yake, msikubali kipande. Panadol yenyewe mkiikosa msihangaike na jina la biashara, someni maandishi madogo yanayotaja dawa iliyomo. Marekani parasetamoli wanaiita acetaminophen, ndiyo iliyomo kwenye Tylenol. India utakutana na Dolo 650, ambayo ni parasetamoli miligramu 650, kwa hiyo hesabu ya vidonge 8 uliyoizoea haifai pale. Combiflam ya kulekule ina ibuprofeni na parasetamoli pamoja. Ufaransa ni Doliprane, na tangu 2020 haiwekwi tena kwenye rafu ya kujichukulia, unamwomba mfamasia. Uingereza supamaketi zinauza pakiti ya vidonge 16 tu, na diklofenaki ya vidonge tangu 2015 huipati bila cheti cha daktari kwa sababu ya hatari yake kwenye moyo. Yaani kile ambacho kwetu kinakatwa kama pipi, wenzetu wamekiweka nyuma ya daktari.

Angalieni pia zile zenye neno Night. Nyingi zina dawa ya usingizi ndani, usije ukaimeza ukiwa na miadi ya benki.

Na homa! Umetoka Dar, uko Guangzhou au London, unapata homa na kichwa, usiishie kumeza parasetamoli na kulala. Itashusha homa, malaria itaendelea na kazi yake. Mwambie daktari umetoka Tanzania na unataka kipimo cha malaria, maana kule si jambo la kwanza kumjia kichwani.

NYONGEZA: Naona comments. Mnaosema mwenye kosa ni mimi kwa kutouliza jina, mnataka kila mgonjwa aingie famasi akiwa ameshasomea ufamasia? Niliuliza dawa, nikasema nasafiri, na koti jeupe alivaa yeye.

Mnaouliza famasi gani, sitaji humu. Malalamiko yanaenda kwa maandishi panapohusika, na picha zote ninazo.

Mkuu uliyesema una famasi Mbagala na kwamba ukianza kuandika majina foleni itakuwa ndefu: karibu, na ahsante kwa kuwa mkweli. Foleni yako ni ya wangapi, na kila mmoja unamwandikia "1x3" kwa sekunde ngapi? Nijibu hapohapo chini, nasubiri.